Bendi ya kuenzi The Beatles: gita la mtindo wa zamani ni lazima au ni pambo tu?

Mpiga Rizimu

Salaam kwenu wapenzi wa gita. Tuko wapigaji wanne tuliokubaliana kuunda bendi ya kuwaenzi The Beatles, na tumeamua kujibana ndani ya kipindi kimoja, yaani tangu mwaka 1963 ilipotoka albamu yao ya kwanza hadi Agosti 1966 walipofanya onyesho lao la mwisho la kiingilio katika uwanja wa Candlestick Park, San Francisco. Hatukusudii kuzipiga nyimbo zao kwa mtindo wetu wenyewe, kwani bendi za aina hiyo zipo nyingi na zina wapenzi wake. Tunataka msikilizaji akifumba macho autambue mlio, na akifumbua asikutane na kitu kinachoukanusha.

Tulipofika kwenye suala la vyombo ndipo tulipogawanyika. Mpiga solo wetu anashikilia kwamba fedha zote tulizochanga zitumike kununua Rickenbacker moja ya nyuzi 12, lile toleo la marudio la 360/12 lililotengenezwa kwa umbo la mwaka 1963, kwa sababu bila gita hilo, kwa maneno yake, hakuna Beatles ya 1964. Mpiga besi anataka Höfner yenye umbo la fidla, na haoni ubaya ikiwa ya bei nafuu. Mpiga dramu anatucheka wote na kusema kwamba hakuna mtu anayelipa kiingilio ili asome jina lililoandikwa kwenye kichwa cha gita. Mimi mwenyewe napiga rizimu na kuimba sehemu za Lennon, na gita nililonalo ni la mtindo wa Stratocaster, ambalo nalipenda sana ingawa najua kwamba Lennon hakupanda nalo jukwaani katika miaka hiyo.

Ninaomba mawazo ya waliowahi kupiga katika bendi za namna hii au kutengeneza magita ya mtindo huo. Je, ni wapi hasa chombo chenyewe kinaleta tofauti ambayo haiwezi kupatikana kwa njia nyingine, na ni wapi tunajidanganya kwa sababu tu tunayapenda magita ya zamani?

Nyuzi Bapa

Ndugu, naanza na kipindi mlichokichagua, kwa sababu ndani ya miaka hiyo michache vyombo vyao vilibadilika kuliko watu wengi wanavyodhani, na ukisema tu "gita la Beatles" bado hujasema lolote.

Mwaka 1963 Lennon alikuwa anapiga Rickenbacker 325 aliyoinunua Hamburg mwaka 1960, ambayo awali ilikuwa na rangi ya asili ya mbao kisha ikapakwa nyeusi. Harrison, mpiga solo wao, alikuwa na Gretsch Duo Jet, halafu akahamia kwenye Gretsch Country Gentleman, ambayo ndiyo watazamaji wengi wa Marekani walimwona nayo kwenye televisheni tarehe 9 Februari 1964. Katika safari hiyo hiyo ya Marekani ndipo alipokabidhiwa Rickenbacker ya nyuzi 12, na Lennon naye akapata 325 mpya. Mwanzoni mwa 1965 wote wawili walipata Stratocaster za rangi ya samawati iliyofifia, na hapa usikate tamaa na gita lako, kwa maana solo ya "Nowhere Man" katika albamu ya Rubber Soul ilipigwa na wawili hao kwa pamoja kwenye Stratocaster hizo. Hazikupandishwa jukwaani, ni kweli, lakini masikio ya wapenzi wao yanazifahamu. Ilipofika ziara ya 1966, Lennon na Harrison walikuwa wameshika Epiphone Casino, gita lenye kiwiliwili kitupu na pikapu (zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya) za aina ya P-90.

Kwa hiyo hoja ya mpiga solo wenu ina ukweli, ila ni ukweli wa miaka miwili. Nyuzi 12 ni sauti ya 1964 na 1965. Akisimama nayo katika nyimbo za 1963, atakuwa amevaa koti la mwaka mwingine. Tena hata pale inapohusika moja kwa moja haifanyi kazi peke yake: mlio ule mmoja unaoifungua "A Hard Day's Night", ambao watu wamebishana juu yake kwa miongo kadhaa, una nyuzi 12 za Harrison, lakini una besi ya McCartney na piano ya mtayarishaji wao George Martin vilevile. Mtu anayenunua gita hilo akitarajia kuupata mlio huo kwa mkono mmoja atasikitika siku ya kwanza ya mazoezi.

Kuhusu wewe mwenyewe, ningekushauri uifikirie Casino kabla ya 325. Epiphone bado inaitengeneza, bei yake inafikika kuliko ya Rickenbacker, na kwa kuwa haina kipande cha mbao katikati ya kiwiliwili, inakupa ule mlio mkavu wenye hewa ndani yake ambao gita zito la mbao nzima haliutoi. Ile 325 ni gita la ajabu kidogo. Urefu wa uzi wake kutoka mwanzo wa shingo hadi darajani, yaani pale nyuzi zinapoegemea kwenye kiwiliwili, ni sentimita 52.7 tu, wakati wa Stratocaster ni karibu sentimita 64.8, na kwa sababu hiyo nyuzi nyembamba hulegea na kupanda sauti kila ukizikandamiza. Anayeinunua bila kubadilisha nyuzi na kuweka nene humlaumu mtengenezaji bure. Faida yake ni kwamba mapigo ya haraka ya rizimu, yale ya vipigo vitatu vitatu vinavyokimbia mfululizo, yanakaa mkononi vizuri zaidi kwenye shingo fupi. Hilo ni jambo la mkono, na la sikio linafuata baadaye.

Fundi wa Shingo

Mimi kazi yangu ni kutengeneza na kurekebisha magita, na nitajibu upande wa chombo chenyewe.

Kwanza, sahauni magita halisi ya miaka ya 1960 kwa kazi ya jukwaani. Sisemi hivyo kwa sababu ya bei pekee. Freti zake, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, huwa zimechakaa au zimeshabadilishwa, swichi na nyaya zake zimechoka, na kila ukarabati unaoufanya ili gita lipigike unapunguza thamani ile ile uliyoilipia. Rickenbacker za zamani zina vyuma viwili vya kunyooshea shingo, na vile vya asili havikukusudiwa kusukuma shingo kwa nguvu ya nati. Fundi anayevijua huikunja shingo taratibu kwa mikono hadi inaponyooka, kisha ndipo anakaza nati ili kuishikilia hapo. Asiyejua hukaza tu kama anavyofanya kwenye gita lolote, na ubao wa freti unaweza kubanduka. Kwa bendi inayosafiri na kubadilisha ukumbi kila wiki, chombo kinachodai uangalizi wa namna hiyo ni mzigo.

Toleo la marudio ni jambo jingine, na hapa kuna mambo machache ya kuangalia ambayo matangazo hayayasisitizi. Rickenbacker za wakati ule zilikuwa na pikapu ambazo wapenzi huziita "tosta" kwa sababu ya mfuniko wake wenye mianya. Zinatoa nguvu ndogo ya umeme na sauti yake ni angavu bila kuwa kali. Baadaye kiwanda kilileta pikapu zenye nguvu zaidi, na magita mengi ya 360/12 yanayouzwa yakiwa yametumika yana hizo. Ukiona gita lenye jina sahihi na umbo sahihi lakini pikapu si tosta, ujue umelipa kwa ajili ya macho. Toleo la umbo la 1963 analolitaka mwenzenu linazo, kwa hiyo katika hilo hajakosea.

Jambo la pili ni mpangilio wa nyuzi, nao ndio siri kubwa ya mlio ule. Nyuzi 12 hukaa jozi jozi. Kwenye magita mengi ya aina hiyo, katika jozi za sauti nzito, uzi mwembamba ulio oktavu moja juu huwekwa mbele, hivyo mkono unaposhuka unaugusa huo kwanza. Rickenbacker hupanga kinyume: uzi mnene unatangulia, mwembamba unafuata. Matokeo yake ni kwamba unasikia noti nzito ikiwa imevikwa mng'aro, badala ya mng'aro uliofuatwa na noti. Habari njema ni kwamba mpangilio huu hauna hakimiliki. Gita lolote la umeme la nyuzi 12, na yapo ya makampuni kama Danelectro yanayouzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya Rickenbacker, linaweza kupangwa hivyo mkikubali kutengenezewa upya kile kipande chenye mifereji kinachoshikilia nyuzi mwanzoni mwa shingo. Ni kazi ya saa chache kwa fundi mwangalifu. Ongezeni kompresa, yaani kifaa kinachosawazisha sauti kubwa na ndogo, kati ya gita na amplifaya, kwa kuwa rekodi zile zilipitishwa kwenye kompresa za studio, na mtakuwa mmeufikia mlio huo kwa kiasi ambacho mtu aliyekaa safu ya tatu hataweza kuwabishia.

Jambo la tatu ni la macho, na huwa linanichekesha. Wapo wapenzi wa magita ya mtindo wa zamani wanaotaka yawe yamekwaruzwa na kuchakazwa tangu kiwandani, mtindo ambao Fender iliuingiza rasmi sokoni mwaka 1995 na wengine wakaufuata. Kwa bendi inayoiga mwaka 1964, hilo ni kosa la kihistoria. Gita la Harrison la nyuzi 12 lilikuwa jipya kabisa, liking'aa. Kama mnataka usahihi, nunueni chombo kinachong'aa na mkifute kila baada ya onyesho.

Besi ya Fidla

Naunga mkono mpiga besi wenu, lakini nina masharti.

Höfner 500/1 ni chombo ambacho tofauti yake haiwezi kuigizwa kwa urahisi na besi nyingine. Kiwiliwili chake ni kitupu, uzi wake una urefu wa sentimita 76 hivi badala ya 86 za besi ya kawaida ya Fender, na uzito wake ni mdogo kiasi kwamba mpigaji anaweza kuruka na kuimba usiku kucha bila bega kuuma. Noti zake huanza kwa mdundo mnene kisha hufifia mapema, na kufifia huko ndiko kunakoacha nafasi kwa dramu na sauti za waimbaji. Mtu akichukua besi nzito yenye noti zinazodumu, hata akipiga kila noti sawasawa, wimbo unajaa mno na kila mtu jukwaani anaanza kupandisha sauti bila kujua kwa nini.

Toleo la bei nafuu, ambalo kampuni yenyewe inaliita Ignition, linatosha kwa kuanzia mkifanya jambo moja siku hiyo hiyo: ondoeni nyuzi zilizokuja nalo na muweke nyuzi bapa, zile zilizozungushiwa waya bapa badala ya wa mviringo hivyo zikawa laini. Nimesikia Höfner za Ujerumani zenye bei kubwa zikisikika vibaya kwa sababu ya nyuzi zisizofaa, na nimesikia za bei ndogo zikisikika vizuri kwa sababu ya nyuzi sahihi na kipande kidogo cha plastiki cha kuchapia, kwani McCartney kwa sehemu kubwa hakupiga kwa vidole. Tatizo litakalowasumbua ni fidibaki. Kiwiliwili kitupu kikikaribiana na spika kubwa huanza kunguruma chenyewe. Kama kumbi zenu ni ndogo na mnabanana, itazameni ile iitwayo Contemporary, ambayo imewekewa kipande cha mbao ndani ili kupunguza tabia hiyo.

Angalieni pia nafasi ya pikapu. Besi ya McCartney ya 1961, ambayo iliibwa mwaka 1972 na kurejeshwa kwa mwenyewe baada ya miaka zaidi ya hamsini, habari ikitangazwa Februari 2024, ina pikapu mbili zilizokaribiana sana upande wa shingo. Ile ya 1963, ambayo ndiyo inayoonekana katika picha nyingi za kipindi mlichokichagua, ina pikapu moja shingoni na nyingine karibu na daraja. Yote mawili hutengenezwa upya, na wauzaji huyachanganya.

Swali ambalo hujalitaja ni hili: mpiga besi wenu anatumia mkono gani? McCartney ni wa mkono wa kushoto. Kwa sababu hiyo yeye na Harrison waliposogelea maikrofoni moja, shingo za magita zilielekea pande mbili tofauti, na picha ile ikawa kama alama ya bendi. Wapo wapigaji wa mkono wa kulia waliojifunza upya kupiga kwa kushoto kwa ajili ya kazi hii tu. Binafsi naona ni kupita kiasi, lakini nawavulia kofia.

Sauti Tatu

Nimesoma yote, na kwa heshima zote naona mmekwishaingia katika mtego aliouonya mpiga dramu. Mnajadili pikapu wakati hakuna aliyeuliza kama watu hawa wanne wanaweza kuimba.

Zipo njia tofauti za kuwaenzi wanamuziki hawa, na bendi zinazoheshimika hazijachagua njia moja. The Bootleg Beatles, ambao walianza mwaka 1980 wakitokana na waigizaji wa onyesho la muziki la London, wanavaa, wananyoa na kuzungumza jukwaani kama wahusika wenyewe. The Fab Faux wa New York, walioanza mwaka 1998, hawavai mavazi wala nywele za bandia; wanapanda wakiwa wenyewe na kazi yao yote ni kuirudisha rekodi noti kwa noti. The Analogues wa Uholanzi, ambao wanashughulikia albamu za baada ya 1966, zile ambazo Beatles wenyewe hawakuzipiga jukwaani, wamewekeza katika vyombo halisi vya wakati huo hadi vinanda adimu. Bendi zote tatu zinasifiwa, na jambo linaloziunganisha ni kwamba zinaimba vizuri mno.

Sauti ya Beatles ya 1963 hadi 1966 kwa sehemu kubwa ni sauti za koo. Lennon, McCartney na Harrison wakiimba kwa sauti tatu, kila mmoja akijua wakati wa kujificha chini ya mwenzake, ndicho kitu ambacho msikilizaji wa kawaida anakitambua ndani ya sekunde tano. Tena kuna mambo ambayo hata gita halisi la Harrison lisingewapa. Studioni sauti ya mwimbaji mara nyingi ilirekodiwa mara mbili na kulazwa moja juu ya nyingine, hadi mwaka 1966 fundi Ken Townsend wa studio za EMI alipobuni njia ya kufanya hivyo kwa mashine, bila mwimbaji kurudia. Wakati mwingine kasi ya kanda ilibadilishwa, na wimbo ukaangukia katikati ya nusu toni mbili. Mtu anayetyuni gita lake kwa kifaa na kujaribu kupiga juu ya rekodi kama hiyo atajiona ana kasoro kumbe hana.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba sehemu nzuri ya fedha hizo iende kwa mwalimu wa sauti na kwenye maikrofoni zinazofaa, halafu ndipo mrudi kuzungumzia mbao na sumaku. Na huyo mpiga dramu anayecheka, mwambieni kwamba Ringo Starr ni wa mkono wa kushoto aliyekuwa akipiga dramu zilizopangwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Ndiyo maana mizunguko yake inaanza na kuishia mahali ambapo wapigaji wengine hawapategemei. Hilo halinunuliwi, linafanyiwa mazoezi, naye ana kazi kubwa kuliko anavyodhani.

Mpiga Rizimu

Nawashukuru nyote, na jibu la mwisho nimelisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, likasababisha kimya kirefu upande wa dramu.

Mpiga besi wetu ni wa mkono wa kulia na hana mpango wa kubadilika, na tumekubali hivyo. Kuhusu sauti, watatu kati yetu tunaimba na tuna msingi mzuri, ingawa sitathubutu kusema tumefika. Mpiga solo amekubali kwa shingo upande kujaribu kwanza gita la nyuzi 12 la bei nafuu lililopangwa kama alivyoeleza Fundi wa Shingo, kwa sharti kwamba kama halitamridhisha tutarudi mezani.

Limebaki jambo moja ambalo halijaguswa, nalo ni amplifaya. Picha zote za 1963 zinaonyesha Vox AC30 nyuma yao. Kumbi zetu ni ndogo. Je, tuitafute hiyo hiyo, au amplifaya za kidijitali zinazoiga zinatosha?

Mtu wa Mitambo

Ninaendesha mitambo ya sauti katika maonyesho, na suala hili ninakutana nalo karibu kila bendi ya kuenzi inapopanda.

AC30 ni amplifaya ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) nne za aina ya EL84, na wati zake 30 zikifunguliwa hadi pale zinapoanza kusikika tamu huwa ni kelele nyingi mno kwa ukumbi mdogo. Mkiwa nazo mbili au tatu jukwaani, mimi huku nyuma sina ninachoweza kufanya kuhusu sauti za waimbaji, kwa sababu maikrofoni zao zinameza magita. Wapigaji husahau kwamba Vox iliwatengenezea Beatles amplifaya kubwa zaidi kila mwaka, hadi kufikia zile za wati 100, kwa sababu ya mayowe ya mashabiki, na bado katika uwanja wa Shea Stadium mwaka 1965, mbele ya watu zaidi ya 55,000, hawakuweza kujisikia. Nyinyi hamna tatizo hilo.

AC15 yenye valvu mbili za aina hiyo hiyo inawapa tabia ile ile kwa nusu ya nguvu, na kwa kumbi nyingi ndogo hata hiyo inatosha na kubaki. Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na waliotangulia: kama ningelazimika kuchagua kati ya gita halisi likipita kwenye amplifaya isiyofaa na gita la bei ndogo likipita kwenye Vox ya valvu, ningechukua la pili bila kusita. Mng'aro ule wa sauti za juu, na namna mlio unavyobanana kidogo mkono unapochapa kwa nguvu, vinatoka zaidi kwenye amplifaya kuliko kwenye mbao za gita.

Za kidijitali zimekuwa nzuri, na mimi kama mtu wa mitambo ninazipenda kwa sababu hazinisumbui. Ila wapigaji waliozoea valvu husema mkono wao unajisikia mpweke, na mpigaji asiyefurahi hupiga vibaya. Zipo bendi zinazotumia njia ya kati: jukwaani zinaweka masanduku ya Vox yasiyo na kitu ndani kwa ajili ya macho, na nyuma yake wanaweka amplifaya ndogo ya valvu yenye maikrofoni mbele. Mtazamaji anaona 1964, nami napata sauti ninayoweza kuidhibiti. Kama mtapata AC30 halisi ya zamani, msiifungue wenyewe hata ikiwa imechomolewa kwenye umeme, kwa sababu kapasita zake zinaweza kubaki na chaji ya kutosha kumuua mtu.

Nyuzi Bapa

Ninakubaliana na Mtu wa Mitambo juu ya amplifaya, na ninarudisha nyuma kidogo msimamo wa Sauti Tatu. Ni kweli kwamba koo ndizo zinazotangulia, lakini mwimbaji anayeimba sehemu za Lennon huku akipiga rizimu kwenye gita lenye tabia tofauti hubadilisha namna anavyoimba bila kukusudia. Gita linalodumisha noti humfanya avute maneno, na lile kavu humfanya ayakate. Kwa sababu hiyo sioni kwamba sauti na chombo ni mafungu mawili ya kugawiwa fedha tofauti.

Kwa bajeti ya watu wanne ningeanza na nyuzi bapa kwa besi na kwa gita la solo, kisha Höfner ya bei nafuu, kisha amplifaya moja nzuri ya valvu ambayo mpiga solo ataitumia, halafu Casino yako. Nyuzi 12 za bei nafuu zinaingia baada ya hapo, na Rickenbacker inasubiri hadi maonyesho yaanze kujilipa. Stratocaster usiiuze. Ipandisheni jukwaani kwa nyimbo za mwisho wa 1965, na mtu akiuliza, mwelezeni habari ya Rubber Soul.

Fundi wa Shingo

Nyongeza fupi kwa mpiga solo, kwa kuwa amekubali kujaribu. Shingo ya Rickenbacker ya nyuzi 12 ni nyembamba, upana wake mwanzoni ni kama milimita 41, wakati magita mengi ya bei nafuu ya nyuzi 12 ni mapana zaidi. Atakapolijaribu la bei nafuu ataona vidole vinapata nafasi ya kutosha, na huenda akalipenda kwa sababu hiyo. Kabla ya siku ya kurudi mezani, basi, atafute mahali ambapo anaweza kuishika Rickenbacker yenyewe kwa nusu saa, apige zile sehemu za 1964 akiwa amesimama na huku akiimba sauti ya tatu. Vidole vikigongana na nyuzi za jirani, suala la bei litakuwa limejimaliza. Visipogongana, leteni gita hilo la bei nafuu nilipange jozi zake mwanzoni kabisa, kabla hajazoea mpangilio wa kawaida, kwa sababu mkono wake wa kulia utalazimika kujifunza upya mahali pa kuanzia kila pigo.